Je, Wajua? Kabla Hujahamia Penye Hewa Nzuri

Swali la "nihamie wapi?" siku hizi haliulizwi na wastaafu peke yao. Wapo vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta, na kwao ofisi ni popote penye mtandao, mradi jioni pawe na mlima wa kupanda au maji ya kuogelea. Wapo wazazi waliochoka na foleni za Dar es Salaam na Nairobi. Wapo Waswahili wa Maskati na London wanaopiga hesabu ya kurudi. Karibu wote huanza kwa kutaja mji: Lushoto, Nanyuki, Paje, Kigoma. Jina la mji peke yake halikwambii mengi. Katika ukanda wetu, mwendo wa saa moja kwa gari dogo unaweza kukutoa kwenye feni ukakuingiza kwenye blanketi. Bora kuuliza kimo, upande wa mlima, mwezi ulio mbaya kuliko yote, na saa.

Kilomita 33 na sweta

Je, wajua kuwa kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni kama kubadilisha nchi? Mombo ipo chini, kwenye tambarare, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu mita 1,400. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo abiria aliyepanda gari Mombo akijipepea kwa gazeti hushuka Lushoto akitafuta sweta. Barabara inapinda na kupinda kupitia Soni, penye maporomoko, na ukifika juu unakuta peasi na plamu sokoni badala ya maembe.

Wajerumani waliuona mji huu mapema wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walichokifuata ni kilekile anachokifuata mstaafu wa leo. Anayependa kutembea kwa miguu anayo njia ya kwenda Irente, genge ambalo ukisimama ukingoni unaitazama tambarare ya Mombo na Mazinde karibu kilomita nzima chini yako, na unao msitu wa Magamba nyuma ya mji. Ila usisahau kwamba milimani karibu kila safari ni ya kupanda au kushuka. Goti lililokuwa kimya Dar es Salaam litaanza kusema Lushoto.

Uliza jirani analima nini

Kabla ya kufungua programu ya hali ya hewa, tazama shamba. Penye minazi inayozaa vizuri kuna joto la pwani. Juu ya mita 600 hivi mnazi huanza kugoma. Penye kahawa aina ya arabika na migomba, kama miteremko ya Kilimanjaro na Meru, mchana ni wa wastani na usiku unavuta shuka. Penye chai, kama Mufindi, Kericho au Limuru, jiandae kwa mawingu na mvua nyingi, na Kericho uongeze mvua ya mawe, kwani milima ile na Nandi ni kati ya sehemu za dunia zinazojulikana kwa kupigwa nayo mara kwa mara. Penye pareto umeshapanda sana, na penye matufaa, kama Makete, usiku wa Juni na Julai unaweza kuleta jalidi.

Mkulima hawezi kumbembeleza mnazi uzae Njombe. Dalali wa viwanja anaweza kukuambia lolote.

Mlima una mgongo na uso

Je, wajua kuwa watu wawili wanaweza kuishi chini ya mlima mmoja, mmoja akivaa gambuti na mwingine akinunua maji? Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupandishwa, hupoa, na kumwaga mvua yake upande huo. Ukivuka kwenda upande wa pili umeshakauka.

Mlima Kenya ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Upande wa kusini-mashariki, kule Embu na Chogoria, umepata mvua ya kutosha chai na kahawa. Nanyuki, upande wa kaskazini-magharibi, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na mstari wa ikweta, imebaki kwenye kivuli cha mvua: anga wazi, nyasi kavu, ranchi na wanyama wa Laikipia. Wapanda mlima wanaijua siri hii kwa miguu yao. Njia ya Sirimon, inayoanzia upande huo mkavu, huwa na udongo unaokanyagika, lakini ile ya Naro Moru, upande wa magharibi, inapita kwenye kinamasi kinachopanda mteremko, na viatu vinajua.

Nyanda za Juu Kusini kuna jambo kama hilo. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70. Tukuyu, upande wa Mlima Rungwe unaolitazama Ziwa Nyasa, hupata mvua inayovuka milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile ya Mbeya mjini. Ukipenda kijani, migomba, chai na ziwa la kreta la Ngozi, Tukuyu ni peponi. Ukipenda kuanika nguo zikakauka, fikiri tena.

Upepo mmoja, Unguja na Salalah

Hili nalipenda kuliko yote. Kila mtu wa pwani anaujua kusi, upepo unaoanza kuvuma kutoka kusini karibu Aprili na kushika kasi katikati ya mwaka, ukileta kipupwe, miezi ya Juni hadi Agosti ambayo hata Dar es Salaam mtu hulala bila feni. Je, wajua kuwa upepo huo hauishii Lamu? Unavuka ikweta, unapinda kuelekea kulia, na kufika pwani ya Dhofar, kusini mwa Omani, ukiwa upepo wa kusini-magharibi.

Kule Salalah unaleta msimu uitwao kharif, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Upepo unasukuma maji ya juu ya bahari yaondoke pwani, na maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi hugeuka ukungu na manyunyu, na milima ya Dhofar iliyokuwa ya udongo mtupu inavaa kijani kwa wiki chache. Mvua yenyewe si nyingi. Miti inakamata ukungu kwa majani na kuudondosha ardhini. Wakati huohuo Maskati, katika nchi hiyohiyo, joto linapita nyuzi 40. Ndiyo maana familia nyingi za Maskati, zikiwemo zinazozungumza Kiswahili sebuleni, Julai hujaza gari na kushika barabara ya zaidi ya kilomita 900 kwenda kutembea kwenye manyunyu.

Kwa hiyo Mzanzibari wa Omani anayehamia Salalah kwa ajili ya kharif hajaukimbia upepo wa kwao, ameufuata unakokwenda.

Bahari ina ratiba

Wanaoota nyumba ya ufukweni mara nyingi huja kuiona bahari mara moja, ikiwa imejaa, wakalipa. Wiki inayofuata wanakuta maji yameondoka hadi kwenye mwamba, na kina mama wanatembea kwenye mashamba ya mwani pale walipotarajia kuogelea.

Unguja, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu ukutani ni ratiba ya bahari pia: mwanzo wa mwezi na katikati yake. Siku hizo, karibu saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa, na alasiri, kama saa kumi, yamejaa. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka na tofauti hupungua.

Upande wa mashariki wa kisiwa, Paje na Jambiani, ufuo ni tambarare na mrefu, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka mbali. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu, na mtu anaogelea karibu saa zote. Lakini ufuo uleule wa Paje unaomkera muogeleaji ndio unaowavuta wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa: maji mafupi, mchanga chini, na upepo wa kuaminika misimu miwili, kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari na kusi katikati ya mwaka. Kabla ya kulipa arubuni, amua kwanza wewe ni mtu wa kuogelea au wa upepo.

Waliohamia Nyeri

Kuhamia mahali kwa ajili ya hewa na matembezi si fasheni ya leo. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, angeweza kuzeekea popote alipotaka. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, kwenye nyumba ndogo iitwayo Paxtu ndani ya eneo la hoteli ya Outspan, na akafariki huko Januari 1941. Kaburi lake lipo Nyeri. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba milia wala watu wa India, aliondoka India mwaka 1947 akaja na dada yake Maggie kuishi katika nyumba hiyohiyo, akaandika vitabu vyake vya mwisho, na mwaka 1955 akazikwa katika mji huohuo.

Wasifu wa aina hii hupenda kuishia kwenye machweo na kilele cha Mlima Kenya. Lakini Nyeri ilikuwa imezungukwa na watu waliobebeshwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni na kubanwa kwenye maeneo waliyotengewa, na mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilithibitisha kwa amri kwamba sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kenya ni ya wakulima wazungu. Hewa nzuri ilikuwa mali, na mali ilikuwa na mwenyewe kwa sheria. Hata leo, penye hewa nzuri bei ya ardhi hupanda, na anayehama ni vizuri ajue nani anasukumwa pembeni ili yeye apate nafasi.

Ndiyo maana msitu wa Karura, hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, unastahili kutajwa hapa kuliko hoteli yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilianza kugawiwa wajenzi. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo, na Januari 1999 wakapigwa na genge la walinzi, yeye akitoka na jeraha kichwani. Msitu ukabaki. Leo watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli na kutembeza mbwa chini ya miti ambayo ingekuwa maghorofa. Ukiwa unalinganisha miji, usiishie kwenye kipimajoto. Uliza kama kuna sehemu ya wazi ambayo mtoto wa jirani asiye na hela anaweza kuingia.

Hewa ya Iten na maharage yake

Je, wajua kuwa Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, mtu huvuta hewa yenye oksijeni ileile ya asilimia 21 kama ya Mombasa? Kinachopungua ni msukumo wa hewa. Katika mita 2,400 umeshuka hadi karibu robo tatu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, kazi ya wiki kadhaa. Hicho ndicho wanariadha wa dunia wanachokifuata Iten. Mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976 bila ujuzi wa ukocha, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012.

Kwa mhamiaji wa kawaida, siku za kwanza ni za kupumua kwa nguvu ukipanda ngazi na kuamka usiku bila sababu. Na jikoni maji huchemka kwenye nyuzi kama 92 badala ya 100, kwa hiyo maharage yanakula mkaa. Sufuria ya presha si anasa huko. Jua nalo huchoma kuliko unavyodhani kwa sababu hewa ya kulichuja ni nyembamba, ingawa baridi inakudanganya. Faida ni kwamba ukitaka joto, lipo chini ya miguu yako: sakafu ya bonde ipo zaidi ya mita 1,000 chini, na kiangazi, Januari hadi Machi, watu hujirusha kutoka ukingoni kwa parashuti za kupaa wakibebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka huko.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya wazee wakimbilie milimani: mbu. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikue ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 16 hivi kinakwama, na mbu hufa kabla hakijawa tayari. Ndiyo maana juu ya mita 2,000 malaria ni adimu. Adimu si sawa na haipo. Nyanda za juu za magharibi mwa Kenya zimewahi kupata milipuko, na mbaya zaidi ni kwamba miili ya watu wa huko haina kinga dhidi ya malaria. Usiache chandarua nyuma.

Ziwa linanyesha usiku

Bukoba na Musoma zote zinanawa katika Ziwa Viktoria, moja magharibi, nyingine mashariki. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Musoma haifikii hata nusu yake. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati na kupanda, radi zinaanza. Kisha upepo mkuu kutoka mashariki unazisukuma kuelekea Bukoba, nazo hufika alfajiri. Anayependa kukimbia asubuhi Bukoba atajifunza kukimbia jioni. Anayependa kuogelea, Bukoba au Musoma, aulize kwanza kuhusu kichocho, kwa sababu konokono wanaokibeba wanapenda maji tulivu ya kando na majani.

Goma

Ni mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, joto la wastani mwaka mzima. Bila vita, Goma ingekuwa juu kwenye orodha yoyote. Lakini volkano ya Nyiragongo iliyo nyuma yake ililipuka 1977, ikaingiza lava katikati ya mji 2002, na ikarudi tena usiku wa 22 Mei 2021. Kuta nyingi za Goma zimejengwa kwa mawe ya lava hiyo.

Mwezi mbaya kuliko yote

Wastani wa mwaka humficha Julai. Nairobi ina sifa ya hewa safi, na ni kweli, lakini Julai jua linaweza kukosekana kwa siku kadhaa, wingu likikaa kama kifuniko, na nyumba nyingi hazina chochote cha kupasha moto. Dar es Salaam kinyume chake: Julai ni raha, Februari ni adhabu. Anayekwenda kutazama nyumba Njombe mwezi wa Novemba aende tena Juni.

Wakati mwingine mwezi mbaya na mwezi mzuri ni mmoja. Kitulo, ile tambarare ya juu kati ya Mbeya na Makete ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake kwanza, na ina aina kama 350, zikiwemo okidi nyingi. Maua hayo hufunguka msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, wakati barabara inapokuwa tope. Kiangazi gari linafika bila shida, nawe unakuta nyasi.

Kigoma ina jioni ndefu

Hili halimo kwenye kijitabu chochote cha watalii, ingawa mwenye kazi ya kuajiriwa linamhusu kuliko volkano na okidi. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halisomi saa. Kigoma ipo karibu nyuzi kumi za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua huchomoza na kuzama Kigoma kama dakika 38 baadaye. Mtu wa Dar es Salaam anayetoka kazini saa kumi na moja ana saa moja na kidogo ya mwanga, na foleni inaimeza. Wa Kigoma anafika ufukweni, anaogelea katika Ziwa Tanganyika, na bado anaona kufunga kamba za viatu. Gharama yake ni asubuhi: watoto wa shule wanatembea gizani.

Mombasa na Kisumu nazo hutofautiana hivyo, ila kwa dakika kama 20. Burundi wamechagua vingine. Bujumbura ipo karibu kwenye mstari uleule na Kigoma, lakini saa yao ipo nyuma kwa saa nzima. Jua linalozama Kigoma karibu saa moja, Bujumbura linazama karibu saa kumi na mbili, na mechi ya jioni ufukweni lazima ianze mapema.